Kuzoea hali mpya bila kujipoteza, hatua kwa hatua

Hapa Mombasa mtu akipatwa na mabadiliko anatupiwa methali mbili kwa siku moja. Huyu anamwambia ukifika kwa wenye chongo na wewe fumba lako jicho, alafu yule, pengine ni mjomba wake mwenyewe, anamwambia mwacha asili ni mtumwa. Sasa wewe uliyepewa barua ya kuhamishwa kazi, ama uliyeachika na watoto wawili, ama uliyestaafu pale bandarini ukarudi kushinda nyumbani kutwa, umsikize nani? Mi naona wote wawili wasema kweli, tatizo ni kuwa hakuna anayekwambia lini utumie ipi na kwa jambo gani, na hapo ndo watu wengi huumia, manake wanabadilisha kile ambacho hawakufaa kukigusa na wanang'ang'ania kile ambacho wangekiwacha na dunia isianguke.

Hizi hatua zifuate polepole, zengine zitakuchukua jioni moja na zengine miezi.

Hatua ya 1: Andika ni nini hasa kimebadilika

Mtu ukimuuliza una nini anakwambia "maisha yamebadilika tu". Hilo ni jambo kubwa mno huwezi kulishika popote. Chukua karatasi, ama simu yako, uandike kitu kimoja kimoja hata kama ni kidogo cha kuaibisha. Mfano mama aliyetoka nyumba ya familia Kibokoni akaenda kupanga fleti Bamburi. Ukimuuliza atakwambia shida ni kodi. Mwambie aandike: kodi imepanda, haya, lakini pia hakuna baraza ya kukaa jioni, jirani hata jina hamjui, mtoto hawezi kutumwa dukani peke yake, adhana ni ya msikiti mwengine, mahamri anapika lakini hakuna wa kumpelekea, na mamake aliyekuwa akimwona kila siku sasa ni mpaka wikendi na kama kuna foleni pale Nyali Bridge basi ni mpaka wikendi ile nyengine. Akimaliza kuandika ndo atajua kodi siyo inayomnyima usingizi, ni mamake. Na hilo lina dawa yake tofauti kabisa na dawa ya kodi.

Kitu chengine cha kujua mapema ni kuwa jambo zuri nalo huchosha. Mwaka 1967 madaktari wawili wa akili wa Marekani, Thomas Holmes na Richard Rahe, walitoa orodha ya matukio 43 ya maisha na kila tukio wakalipa pointi kulingana na vile linamlazimisha mtu kujipanga upya. Kufiwa na mume au mke ni 100, kufutwa kazi 47, kustaafu 45, kuhama nyumba 20, na kuoa ama kuolewa ni 50, yaani juu ya kufutwa kazi! Kwa hivo bibi harusi anayelia peke yake jikoni wiki ya tatu asidhani ni mkosefu wa shukrani wala kuwa kachagua mtu mbaya, mwili na akili vinafanya kazi kubwa ya kupanga upya, na kama ndoa, kuhama na kazi mpya vimekuja mwezi mmoja basi ni kawaida kabisa kuchoka. Usijilaumu hapo.

Hatua ya 2: Kipe kilichoondoka matanga yake

Mtu akifa kwetu watu wanajaa, wanasoma, wanakaa siku tatu, hakuna anayemwambia mfiwa "haya amka uende kazini". Lakini kazi ikifa, ndoa ikivunjika, nyumba ya babu ikiuzwa, watu wanakwambia songa mbele siku hiyohiyo, na wewe mwenyewe unajiambia. Hilo ndo kosa, manake huzuni haijaenda popote, imekaa tu inangoja.

William Bridges, Mmarekani aliyeandika sana juu ya mambo haya, alitenganisha vitu viwili vizuri sana: kuna mabadiliko yenyewe, ambayo ni ya nje na yanaweza kutokea kwa siku moja, na kuna ule mvuko wa ndani ambao ni wa polepole na unaanza na kumalizana na ya zamani. Katikati pana kipindi ambacho ya zamani yameenda na mapya hayajakaa. Mtu akiwa hapo katikati hujiona kama amechanganyikiwa, anasahau sahau, leo ana matumaini kesho hataki kuona mtu. Hajaharibikiwa. Yuko njiani. Mi nadhani nusu ya maamuzi mabaya watu wanayafanya hapo katikati kwa sababu hawawezi kuvumilia kukaa bila jibu, anaolewa haraka, anaingia biashara na pesa zote za kustaafu, anarudiana na mtu aliyekuwa akimpiga. Ukiwa hapo, jambo lolote kubwa usilofungwa kuliamua sasa hivi, liahirishe.

Cha kufanya ni hivi. Tafuta dakika 15 mpaka 20 usiku, siku tatu ama nne mfululizo, uandike unavyojisikia juu ya lile jambo bila kujali tahajia wala nani atasoma, ukimaliza hata ukichana ni sawa. Mwanasaikolojia James Pennebaker alianza kuujaribu utaratibu huu miaka ya 80 na watafiti wengi wakaufuata, na wengi wanaoandika hivo wanapata nafuu kiasi baada ya muda, ingawa siku yenyewe ya kuandika waweza kujisikia vibaya zaidi. Kama jambo ni la juzi tu na bado damu imechemka, ngoja kwanza. Na ukiona kuandika kunakuzamisha, wacha, zungumza na mtu.

Hatua ya 3: Tenga msingi na mazoea

Hapa ndo penyewe, hapa usiharakishe.

Gawa karatasi mara mbili. Upande mmoja andika vitu ambavyo ukiviwacha huwezi kujitambua tena, upande wa pili vitu ulivyovizoea tu. Mara ya kwanza kila kitu kitaenda upande wa kwanza, ndo kawaida, mtu akiwa na hofu kila kitu huona ni msingi, mpaka kiti anachokalia. Kwa hivo kila kitu kiulize maswali haya. Ningekifanya hata kama hakuna anayeniona? Nikikiwacha nitakuwa nimemkosea nani, Mungu, mtu, ama nafsi yangu, na kama hakuna hata mmoja, basi nini kinanishika? Hiki kitu chafanya kazi gani maishani mwangu, na ile kazi yaweza kufanywa na kitu chengine?

Hilo swali la mwisho ndilo linalofungua mambo. Nawajua watu wa kliaringi, wale wanaowatolea watu mizigo bandarini, waliohamia Nairobi wakati serikali iliagiza kontena zipakiwe kwa SGR, ile reli mpya, moja kwa moja na kuklia kunafanywa kule Embakasi. Mmoja wao ni mtu wa Mji wa Kale kabisa, kila siku baada ya alasiri lazima akae barazani anywe kahawa chungu na kashata, siasa zikipigwa, mpira ukipigwa. Alipofika Nairobi miezi ya kwanza alikuwa kama mgonjwa, anatoka kazini anaingia ndani anafunga mlango, Ijumaa jioni mbio kupanda basi la Mombasa, Jumapili usiku kurudi, pesa zinaisha barabarani na kazini anasinzia. Mkewe ndiye aliyemuuliza, wewe hasa unafuata nini kule, ni kahawa ama ni watu? Akafikiria akaona ni watu. Safari iliyofuata akarudi na dele dogo la kuchemshia kahawa, tangawizi na iliki kwenye mkoba, na kila Jumatano baada ya Isha akawa anachemsha kahawa pale nje ya mlango wake ghorofa ya kwanza, anaweka viti viwili vya plastiki na stuli. Siku ya kwanza alikuja mlinzi wa geti peke yake. Baadaye fundi wa stima kutoka Machakos, mwalimu mmoja wa Kisii asiyependa ule uchungu na anatiliwa sukari pembeni, na mzee wa Kisomali anayejua kahawa kumshinda yeye. Wanapiga stori mpaka saa nne. Baraza ya mawe haiko, bahari haiko, alasiri imekuwa usiku, wazee wa mtaa hawako, na yule bwana ni yuleyule, mtu wa kukaa na watu na kukirimu. Msingi wake ulikuwa ni huo. Hayo mengine yalikuwa mazoea, mazuri sana, ya kuyapenda na kuyarudia kila akija nyumbani, lakini mazoea.

Na kinyume chake kipo. Kuna kitu unakiona kidogo kumbe ndo msingi. Mtu anaanza kazi mpya, wenzake wote wanaongeza kidogo kidogo kwenye risiti za safari, anaambiwa hapa ndo tunafanya hivi, na yeye anajiambia ni mia mbili tatu tu ni sehemu ya kuzoea. Huko si kuzoea. Uliza lile swali la nimemkosea nani na jibu litakuja lenyewe.

Upande wa msingi ukibaki na vitu vinne vitano vyatosha. Ukiwa na ishirini hujamaliza kuchuja. Hivo vinne vitano visome mara kwa mara, hasa asubuhi ya siku ngumu. Mwaka 1988 mwanasaikolojia Claude Steele alieleza kitu ambacho kimepimwa mara nyingi tangu hapo, kuwa mtu akikumbushwa jambo analolithamini kwa dhati, hata kama halihusiani na lile linalomtisha, anaweza kulikabili tishio bila kujitetea tetea. Ukijua wewe ni mama wa watu na mtu wa ahadi, bosi kukwambia hujui kutumia mfumo mpya wa kompyuta hakukumalizi, utauliza ufundishwe basi.

Hatua ya 4: Angalia umesimama wapi

John Berry, mwanasaikolojia wa Kanada, alichunguza sana watu wanaohamia penye utamaduni mwengine akaona wanapita njia nne. Kuna anayeiga kila kitu na kukana kwao. Kuna anayejifungia na watu wa kwao asitake lolote la wenyeji. Kuna anayepoteza huku na huku, kwao hayuko na kugeni hayuko. Na kuna anayeshika yake na kuchukua ya wenyeji kwa pamoja, na huyu wa nne mara nyingi ndiye anayeishi kwa raha kushinda wengine, bora tu wenyeji nao wamfungulie mlango. Wala si lazima uvuke mpaka, hata ukitoka Mtongwe kwenda ofisi ya Nyali ama ukiolewa kwa watu wa dini ileile kabila jengine, ni njia hizohizo. Jiulize wiki hii umekuwa kwenye ipi. Mtu hubadilika, Jumatatu unaiga Ijumaa umejifungia.

Sisi watu wa mji huu tusisahau kuwa tumelelewa na hiyo njia ya nne. Mji ulikuwa na Wareno waliojenga Fort Jesus tangu 1593, ukawa na Waomani, ukawa na Waingereza, na Wahindi, Wabaluchi na Wahadhrami wakakaa tukaoana, na lugha ikachukua meza na leso kutoka kwa Mreno na chapati kutoka kwa Mhindi na bado ni Kiswahili.

Hatua ya 5: Badilisha kidogo, kimoja kimoja

Toa kitu kimoja upande wa mazoea, badilisha hicho, viwache vyengine. Usiamke Jumatatu useme kuanzia leo ni mtu mpya. Na jipe muda wa kweli: Phillippa Lally na wenzake wa University College London walifuata watu 96 waliokuwa wanajenga mazoea mapya, wakaona wengine ilichukua siku 18 na wengine ilikadiriwa ingefika 254, na katikati yao ni siku 66. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Kwa hivo ukistaafu na mwezi wa pili bado unaamka saa kumi na moja ukitafuta viatu vya kazi, tulia, ni mapema.

Hatua ya 6: Andaa maneno yako

Watu hawajipotezi kwa sababu hawajijui, wanajipoteza kwa sababu wakati ulipofika hawakuwa na la kusema. Unaulizwa ghafla, unaona haya, unakubali. Basi sentensi yako iandae nyumbani, isiwe na ugomvi wala maelezo marefu, iseme mpaka wako na hapohapo ionyeshe heshima. Msichana anaanza kazi mapokezi hotelini na yeye hapeani mkono na wanaume, mgeni anamnyooshea, afanye nini? Aweke mkono kifuani, atabasamu vizuri, aseme "Karibu sana mzee, mi sipeani mkono lakini umefika kwenu, hebu keti nikuangalizie chumba." Imesemwa kwa sekunde chache na mgeni hajaaibika. Ajizoeze kwa sauti mbele ya kioo mara kadhaa mpaka itoke bila kutetemeka, na siku ya kwanza amwambie meneja wake mapema asije akashtuka.

Kwa bosi: "Bosi, hata zamu ya usiku naweza nikipangiwa, ila Ijumaa saa saba mpaka saa nane mchana nahitaji nafasi ya kuswali, nitafidia saa hiyo jioni." Leta na suluhisho, usilete shida tupu.

Nyumbani ni kugumu zaidi kuliko kazini, hilo nalisema kwa uzito. Watu wa nyumbani wanakupenda na wanakutaka vilevile ulivyokuwa, na ukibadilika kitu kidogo tu wanaogopa wamekupoteza. Kijana anapiga simu:

"Shikamoo mama."
"Marahaba baba. Siku hizi umekuwa mtu wa bara, hata simu ni mpaka Jumapili."

Hapo wengi wanakasirika ama wananyamaza, na kote huko kunazidisha. Ukisikiliza vizuri mama hakuulizi habari ya bara, anauliza kama bado ni mamako. Jibu hilo. "Mama, kazi imenibana siku za wiki, lakini mimi ni wako yuleyule. Tufanye hivi, kila Alhamisi baada ya Maghrib nakupigia, hata dakika kumi. Na mbaazi zako za nazi nimejaribu kupika zikanishinda, hebu nielekeze." Alafu Alhamisi upige kweli. Ahadi moja unayoitimiza inamtuliza mama kuliko maelezo ya saa nzima. Wale wa grupu ya WhatsApp ya ukoo wanaotupa maneno ya pembeni, hao wasalimie kwa adabu, huna deni la kuwaeleza kila kitu.

Hatua ya 7: Jua lipi si la kuzoewa

Kuna mabadiliko mtu akikwambia "zoea tu" anakudhulumu. Kupigwa ndani ya nyumba si hali mpya ya kuzoea. Mshahara kucheleweshwa miezi mitatu bila maelezo, mkubwa wa kazi anayekushika shika, hayo ni ya kukataa na kusema, kwa chama cha wafanyakazi, kwa chifu, kwa polisi dawati la jinsia, kwa watu wazima wa familia. Na hata mambo ya umma ni hivo. Lile agizo la mizigo kwenda kwa SGR, watu wa Mombasa hawakunyamaza, waliandamana, wakaenda kortini, wenye malori na makliaringi wakapiga kelele miaka, na mwezi wa Septemba 2022 serikali mpya ikatangaza mizigo irudi kukliwa Mombasa. Na katika miaka hiyo yote walikuwa wanakula na kusomesha watoto, wengine walihamia Nairobi, wengine wakaingia tuktuk, wengine wakafungua duka. Waweza kuzoea kwa mkono mmoja na kupinga kwa mkono wa pili. Mtu asikuchagulishe.

Hatua ya 8: Ikizidi, tafuta msaada

Kama zimepita wiki mbili kila siku huzuni haiondoki ama hakuna kinachokupa raha, hulali ama walala mno, chakula hakipiti, ama umeona miraa, muguka na pombe ndo vinakusukuma siku, usingoje. Ukianza kufikiria kufa, ni leo, si kesho. Ongea na sheikh wako ama padri, sawa, lakini na daktari pia, kimoja hakizuii chengine na imani yako haipungui kwa kumwona daktari wa akili. Hospitali ya Port Reitz kuna kitengo cha afya ya akili, na Hospitali Kuu ya Pwani waweza kuanza pale. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina laini ya simu ya bure ya ushauri, 1199. Na wanaume wenzetu mnisikize, kule maskani mwaambiana "jikaze", jikaze hadi lini? Mwenzako ukimuona amekuwa mkimya ghafla na hiyo kazi iliyokwisha, mtoe nje mtembee mpaka Mama Ngina pale kando ya bahari, muulize mara mbili, manake mara ya kwanza atasema yuko sawa.

Hatua ya 9: Rudia karatasi

Weka tarehe, baada ya miezi mitatu hivi, uifungue tena ile karatasi ya hatua ya tatu. Kuna kitu uliapa ni msingi na miezi yote hii hukukikumbuka hata siku moja, kihamishe upande wa pili. Kuna kitu ulikiita mazoea na kila ulipokikosa ulilala vibaya, hicho kirudishe na ukitafutie nafasi kwenye wiki yako, siku na saa. Msomee mtu mmoja anayekujua tangu zamani na mtu mmoja aliyekujua baada ya mabadiliko, kila mmoja kivyake, uwaulize kama wanakutambua kwenye hivo vitu vinne vitano. Wakitofautiana sana, hapo ndo pa kuanzia kazi ya miezi mitatu mengine.